Nyota Chini ya Picha

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu. Shule niliishia darasa la nane, na kalamu mkononi mwangu huenda polepole kama mtu apitaye kwenye tope. Mkikuta neno nimelikosea, lirekebisheni mnaposoma. Maana tu msiirekebishe. Aliyeniomba niandike ni Nuru, binti wa marehemu Bwana Fuad, siku ya khitma ya babake kule Kisauni. Sisi wanawake tulikuwa tumekaa ndani, na kwa spika tulimsikia mtu upande wa wanaume akisema kuwa marehemu ndiye aliyewafungulia vijana wetu mlango wa kompyuta, na kwamba katika maisha yake hakumdhulumu mtu. Nilikuwa na kipande cha haluwa mkononi. Nilikirudisha kwenye sahani. Nuru akaja akachutama mbele yangu, akaniamkia, akasema, "Bi Mishi, wewe ulifanya kazi naye. Twatengeneza kijitabu cha kumkumbuka. Tuandikie japo ukurasa." Nikamwambia mimi si mwandishi. Akasema, "Andika unavyokumbuka tu." Basi nimemshika kwa neno lake. Tumefundishwa kuwataja wafu kwa mema, na mema ya Bwana Fuad nitayataja, yote ni kweli. Lakini Bi Mboni naye ni maiti, na khitma yake haikuwa na spika.

Mwaka ninaoukumbuka ni mmoja, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa msichana wa kuona haya kiasi cha kushindwa kumwambia utingo nashuka, nikapitishwa kituo. Ofisi ya Bwana Fuad ilikuwa Changamwe, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya malori. Ilikuwa na vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa na meza ndefu ya ramani, na joto lake lilikuwa la kutosha kupikia. Cha pili kilikuwa cha mashine, chenye kiyoyozi, na humo nilijifunika leso mbili kwa baridi. Cha tatu kilikuwa cha Bwana Fuad mwenyewe, na kati ya chake na chetu palikuwa na ukuta wa plaiwudi ambao haukuzuia hata kikohozi. Asubuhi tulikula mbaazi na mahamri juu ya gazeti, na Ijumaa Bwana Fuad alituletea biriani kutoka kwao, kwenye sinia, akaketi nasi mkekani akatusukumia nyama upande wetu kwa vidole vyake. Hakupandisha sauti hata siku moja. Ukiugua, alikuuliza hali kila asubuhi mpaka upone. Haya ndiyo mema niliyoahidi. Ningependa angekuwa mtu mkali, mwenye matusi, ningemjua mapema.

Fundi wa programu alikuwa Twaha, kijana wa Mji wa Kale, mwembamba, mwenye utani mwingi na wivu mkubwa juu ya kibodi yake. "Mishi, hicho kidole kimetoka wapi?" alikuwa akiniuliza kila baada ya chakula. Nikimjibu kimetoka kunawa, atasema, "Kimenawa biriani. Kanawe na sabuni, mashine haili wali." Yeye ndiye aliyeiandika programu yetu ya ramani peke yake, kwenye zile mashine za zamani za skrini nyeusi. Kazi yangu ilikuwa kuingiza miti. Naeleza hapa kwa sababu vijana wengi wa leo hawaujui utaratibu huu. Kwetu pwani ardhi huweza kuwa ya mtu mmoja kwa karatasi, na mti uliosimama juu yake ukawa wa mtu mwingine, yule aliyeupanda. Ardhi huuzwa, mti ukabaki na mwenyewe. Mti hurithiwa, hutolewa mahari, huwekwa rehani. Mwenye karatasi anaweza kuwa hajawahi kuikanyaga ardhi yenyewe, na mwenye minazi akawa amezeeka chini yake. Kwa hiyo Twaha aliitengeneza programu vile tunavyoishi: ardhi aliiweka kwenye ukurasa wake, na miti kwenye ukurasa wa pili unaolazwa juu ya ule wa kwanza. Mnazi alama yake ilikuwa nyota, mwembe duara, kaburi kisanduku. Ukiigusa nyota, jina la mwenyewe hutokea. Twaha akajisifu, "Hii huipati kwa Wazungu. Wao mti na ardhi kwao ni kitu kimoja." Nilimwona ana akili kuliko watu wote, na mpaka leo sijabadili.

Kampuni moja ilitaka eneo la upande wa Mtongwe ijenge maghala, na Bwana Fuad akapewa kazi ya kuandaa ramani. Mimi nilikuwa mtu wa huko, kwa hiyo nilitumwa pamoja na wapimaji kwenda kuuliza kila mti ni wa nani. Bi Mboni alikuwa jirani yetu, mjane, mwembamba kama ufito, anayeuza nazi na mafuta ya nazi. Alitutembeza shambani akigonga kila shina kwa kiganja, kama anayegonga mlango wa mtu. "Huu ni wa mahari yangu. Huu marehemu aliupanda siku tuliyohamia, nikamwambia waupanda karibu mno na jiko, akakataa, na mpaka leo makuti yaniangukia sufuriani." Mpimaji akaelekeza mnazi wa pembeni, mzuri kuliko yote, akauliza kama nao ni wake. Bi Mboni akamtazama kama aliyetukanwa. "Ule wa Hamadi. Hamadi yuko baharini, lakini mti una mwenyewe. Usiniandikie cha mtu." Nikaandika Hamadi kwenye kadi ya mti ule, moja ya kadi tulizopewa na kampuni. Niliporudi Changamwe niliziweka nyota zake moja moja, na ule wa jikoni niliusogeza karibu na jiko kama alivyosema.

Sasa kampuni ikaleta mambo mapya. Ilitaka kuiona ardhi kwa picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege, ndani ya programu yetu, na ilitaka programu ihamishwe kutoka zile mashine nyeusi iende kwenye aina mbili za mashine mpya: zile za madirisha na mausi kama tulizonunua sisi, na zile kubwa za wahandisi wao, aina nyingine kabisa, zilizotoka ng'ambo. Twaha alisema kuandika mwenyewe kitu cha kufungua picha kubwa namna ile kutamchukua muda mrefu. Bwana Fuad akasema hakuna haja, viko vinavyouzwa. Akaagiza kionyeshi kutoka kampuni ya nje, kikaja kwa sanduku la karatasi ngumu, diski ndani yake na kitabu cha Kiingereza, na juu ya sanduku pameandikwa kuwa chafanya kazi sawasawa kwenye aina zote mbili. Nilimwuliza Twaha kionyeshi ni nini. "Ni kama dirisha la kununua dukani," akasema. "Wewe wajenga nyumba, ukuta ni wako, unatoboa tundu ukalipachika. Mtu akichungulia, aona umejenga mwenyewe. Ila ndani ya mbao zake limeungwaje, hujui, na huruhusiwi kulifungua." Nikamwuliza, na likikwama? Akacheka. "Likikwama twalipiga ngumi kama madirisha yote."

Kwenye mashine yetu halikukwama. Picha ilifunguka, na nyota zangu zikaja juu yake, kila moja ikakaa juu ya kishada cha mnazi wake, kile kinachoonekana kutoka juu kama buibui wa kijani. Nililiona paa la kwetu. Niliuona mnazi wa jikoni kwa Bi Mboni. Bwana Fuad aliitwa, akasimama nyuma yetu akasema mashallah, na Ijumaa ile biriani ilikuwa ya mbuzi.

Halafu wakaleta mashine moja ya aina ile kubwa, tuijaribu. Picha ikafunguka, safi kuliko kwetu. Nyota hakuna. Twaha akadhani amesahau kitu, akafungua upya. Picha, nyota hakuna. Alikaa nayo wiki nzima, hali, hatanii, mahamri yake nikiyafunika na sahani. Mwisho akaniita akanionyesha. Alikikamata kionyeshi kwa ukingo akakivuta pembeni, na chini yake nikaona ukurasa mweupe wenye nyota zetu zote mahali pake. "Hazijapotea," akasema. "Kwenye mashine yetu kionyeshi chaomba ruhusa, chachora kwenye karatasi yetu, kisha nasi twachora juu yake. Kwenye hii hakiombi mtu. Chaja na karatasi yake mwenyewe, chaitandika juu ya yetu. Sisi tunaandika ukutani, chenyewe chatundika pazia." Alijaribu kuzichora nyota baada ya picha kumaliza kujichora. Zilimulika zikafunikwa. Ukiisogeza picha kidogo tu, pazia lateremka tena. Kampuni ya nje ikapelekewa faksi, ikajibu kwa adabu kuwa ndivyo kilivyoundwa, na kwamba toleo lijalo huenda likawa tofauti. Hapo ndipo Twaha alipoona jambo ambalo lilimuuma kuliko yote. Angalichora mti na ardhi pamoja, kitu kimoja, kama wafanyavyo wengine, hakuna kionyeshi ambacho kingeweza kuvitenganisha. Alivitenga kwa sababu sisi twavitenga. Alifanya haki, na haki ile ndiyo iliyopata mahali pa kufunikwa.

Dawa ilikuwepo. Twaha alitaka kuzichoma nyota ndani ya picha zenyewe kabla hazijapewa kionyeshi, ili pazia lije na nyota zake. Kazi ya kuchosha, picha baada ya picha, lakini si ya ajabu, naye akaianza. Siku ya maonyesho ilikuwa imeshapangwa: wenyeji wangekusanyika shuleni, kila mtu aoneshwe miti yake kwenye skrini, na kitakachoonekana siku hiyo ndicho kitakachofidiwa. Alasiri moja meneja wa kampuni alikuja, mtu wa bara, mwenye viatu vya kung'aa, akaingia kwa Bwana Fuad. Twaha alikuwa ametoka kwenda kuswali. Mimi nilikuwa peke yangu upande huu wa plaiwudi, nimejifunika leso zangu.

"Kwa hivyo kwenye mashine zetu hizo alama hazionekani?" meneja akauliza.

"Kwa sasa. Kijana wangu analishughulikia."

Nikasikia kijiko kikikoroga chai, kikizunguka, kikizunguka.

"Basi si lazima mharakishe," meneja akasema.

Nilingoja jibu la Bwana Fuad. Nimelingoja mpaka amekufa. Nilichosikia ni yeye akimwuliza meneja kama atatia sukari nyingine. Kesho yake alimwambia Twaha aache kuzichoma nyota, kwa kuwa picha ni mali ya kampuni na haifai kuchorwachorwa mali ya watu. Twaha akamwambia, "Bwana Fuad, miti ile pia ni mali ya watu." Bwana Fuad akamwekea mkono begani. "Wallahi usiwe na wasiwasi, mwanangu. Siku hiyo tutatumia mashine yetu." Alimwambia Twaha hivyo, na mimi nikasikia, naye alijua kuwa nimesikia.

Siku yenyewe tulipofika shuleni tuliikuta mashine kubwa ya kampuni imeshawekwa mbele ya darasa, na yetu imeachwa Changamwe. Bwana Fuad alikuwa ameketi safu ya mbele na kanzu iliyopigwa pasi, akisalimiana na wazee. Madawati yalijaa, wengine wakasimama madirishani. Twaha aliambiwa aketi aendeshe. Aliniangalia mara moja tu. Wakaitwa watu, na Bi Mboni akawa miongoni mwa wa mwanzo, amevaa buibui la kwendea harusi. Picha ikafunguka. Watu wakashangilia kuliona paa la fulani na kisima cha fulani. Bi Mboni alisogeza uso karibu na kioo akauliza, "Hii ndiyo minazi yangu?"

"Hiyo ni minazi, mama," meneja akajibu.

"Naona minazi. Nauliza yangu. Alama yangu iko wapi? Huyu Mishi aliniandika."

"Hapa hakuna jina. Mti usio na jina unahesabiwa kwa mwenye ardhi."

"Mwenye ardhi yuko Muscat, baba. Hata nazi yake hakunywa."

Watu wakacheka, na Twaha hakucheka. Aliikamata picha kwa ukingo akaivuta pembeni. Ukurasa mweupe ukatokea na nyota zote juu yake, za mtaa mzima, zimetulia. Akaigusa moja, na jina la Bi Mboni likatokea. "Hizi hapa," akasema. Meneja akasema hizo ni nukta kwenye karatasi tupu, minazi iko wapi? Twaha akarudisha picha: minazi ikaonekana, wenyewe hawapo. Akaivuta: wenyewe wakaonekana, minazi haipo. Aliirudisha na kuivuta tena, kama mtu anayejaribu kuwakutanisha wawili ambao kila mmoja akiingia mwenzake hutoka. Ndipo Bwana Fuad aliposimama, bila haraka, akaitengeneza kofia yake, akaenda nyuma ya mashine akachomoa waya. "Mniwie radhi, jamaa zangu," akasema. "Mashine ina hitilafu."

Nilisimama. Mimi niliyeshindwa kumwambia utingo. Nikasema, "Hakuna hitilafu. Nyota ziko chini ya picha. Nimeziweka mwenyewe, na Bwana Fuad ameziona kwenye mashine yetu." Sauti yangu sidhani kama ilivuka safu ya tatu, lakini yeye ilimfikia. Akanitazama kwa upole uleule wa sinia la Ijumaa. "Binti yetu amechoka. Yeye kazi yake ni kuingiza majina, haya mengine ni ya mafundi." Na mtu mmoja kutoka dirishani akapiga kelele, "Nyota mchana, dada?" na darasa zima likacheka, hata walionyang'anywa, kwa sababu walikuwa hawajajua bado. Mashine ilipowashwa tena, aliyeketi kwenye kiti alikuwa fundi wa kampuni, naye picha hakuigusa ukingo.

Mengine yalikuja kwa mpango. Zile kadi tulizoandikia shambani zilikuwa zimesharudishwa kwa kampuni, na kampuni ilisema kinachotambuliwa ni kilichoonekana siku ile. Twaha aliachishwa kazi kwa kutojua kuhamisha programu. Ndivyo ilivyosemwa, na wako wanaosema hivyo hadi leo. Akaenda Uarabuni, sijamwona tena. Mashine yetu ilifutwa ikapewa kazi nyingine. Mimi sikurudi ofisini. Ijumaa ya kwanza Bwana Fuad alimtuma dereva nyumbani kwetu na biriani kwenye bakuli lenye kifuniko, na salamu nyingi. Chakula nilimpa dereva akale. Bakuli nililiosha, nikalifuta, nikalirudisha tupu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi tupu, hata ukiwa huna kitu watia chumvi. Alielewa, kwa maana hakutuma tena. Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumwambia ambalo alilielewa.

Bi Mboni alihamia Ziwa la Ng'ombe, chumba cha kupanga, mlango ukitazamana na mlango. Nilikuwa nikimtembelea. Alinunua nazi dukani kama watu wengine, akazipiga kwa kiganja kabla ya kuchagua. Siku moja aliniuliza, "Wewe Mishi, zile nyota niliziona au niliota?" Nikamwambia uliziona, Bi. Akasema, "Kwa sababu kila ninayemwambia aniambia mashine ilikuwa mbovu." Haikuwa mbovu. Hilo ndilo linalonichoma hata sasa kalamu yanichania karatasi. Mashine ilifanya ilichoambiwa, kionyeshi kilifanya kilivyoundwa, kampuni ya nje ilijibu faksi. Kila mmoja alikuwa na sababu safi. Ni mtu mmoja tu aliyejua mashine ipi yaonesha nini, na akachagua ipi ibebwe, na huyo ndiye mnayetaka nimtaje kwa mema.

Nuru mwanangu, wewe wakati huo ulikuwa mtoto, huna deni kwangu. Mkiona hii haifai kijitabu, msiichane, nirudishieni. Mkiichapa, basi nawaomba mnaoisoma mniandikie. Mpwa wangu alinionyesha Mtongwe kwenye simu, picha ya kutoka juu, na pale sasa ni mapaa ya mabati marefu, hapana hata mche. Kila mliyekuwa na mti pale, wewe au mzee wako, niandikie ulikuwa mti gani, aliupanda nani, na ulisimama karibu na nini. Barua mpeni Nuru, atanifikishia. Mwandiko mbaya si hoja, mwauona wangu. Nimetandika karatasi kubwa mezani, na ardhi na miti naichora kwenye karatasi hiyo moja, kwa wino mmoja. Nimeanza na minazi ya Bi Mboni. Wa jikoni nimeuweka karibu mno na jiko. Wa pembeni nimeuchora pia, lakini jina sijaandika, kwani aliyeniambia ni wa Hamadi hayupo kunithibitishia, na mimi siandiki cha mtu. Kama Hamadi alirudi kutoka baharini, au ana mtoto, namngoja.